Nyaraka za Mhasibu Mstaafu: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Kuchagua Fomati za Kuhifadhia Faili kwa Miaka Mingi

Kisa hiki kinahusu mkusanyo wa faili za mtu mmoja, mhasibu mstaafu aliyeanza kutumia kompyuta nyumbani kwake katikati ya miaka ya 1990 na hakuacha hadi macho yalipomzuia. Watoto wake walitaka nyaraka zake ziwekwe katika hali ambayo wajukuu wataweza kuzifungua na kuzielewa bila kumtegemea yeye wala kompyuta yake. Zilikuwemo barua alizowaandikia ndugu na ofisi mbalimbali, lahajedwali (jedwali la hesabu la kompyuta) la mkopo wa ujenzi ambao ndugu kadhaa walichangia kuulipa, vyeti na hati zilizoskaniwa, picha, rekodi za sauti ya mama yake mzazi, na barua pepe za miaka mingi. Kila aliponunua kompyuta mpya alihamisha folda nzima kama ilivyo, kwa hiyo katika diski moja ya nje faili za programu ambazo hazitengenezwi tena zilikaa bega kwa bega na faili za juzi.

Ombi la familia lilikuwa fupi: kila kitu kigeuzwe kuwa PDF. Binti yake mkubwa alikuwa amekwisha kupata programu inayogeuza folda nzima kwa mkupuo mmoja, na wazo lake lilikuwa na msingi. PDF ilitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993 na ikawa kiwango cha kimataifa, ISO 32000, mwaka 2008. Toleo lake mahususi kwa kazi ya kumbukumbu, yaani PDF/A, lilitangulia kukubaliwa kama ISO 19005 mwaka 2005. Ni vigumu kutaja fomati nyingine ya nyaraka zilizokamilika inayofunguka kwa urahisi katika vifaa vingi kiasi hicho. Hata hivyo niliwaomba wasubiri. PDF huhifadhi sura ya ukurasa, na si kila waraka ambao thamani yake imo katika sura. Isitoshe, kugeuza faili ni tendo linaloweza kubadilisha maudhui bila mtu yeyote kuona, na katika mkusanyo huu hatari hiyo ilijitokeza mara tatu, kila mara kwa namna yake. Hizo ndizo sehemu za kisa nitakazokaa nazo zaidi.

Kazi ya kwanza ilikuwa kutambua faili zilizopo ni za aina gani hasa, na majina yake hayakutosha kutueleza. Herufi zinazofuata nukta mwishoni mwa jina la faili ni lebo tu, na mtu yeyote anaweza kuibadilisha. Utambulisho wa kuaminika zaidi umo katika baiti za mwanzo za faili yenyewe: faili ya PDF huanza na alama %PDF, faili ya RTF, fomati ya zamani ya kubadilishana hati, huanza na {\rtf, na faili ya DOCX huanza na herufi PK kwa kuwa kimsingi ni kifurushi cha ZIP chenye faili za XML, yaani maandishi yenye lebo zinazoonyesha muundo wake, ndani yake. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza ina rejista ya fomati iitwayo PRONOM, pamoja na programu ya bure iitwayo DROID inayosoma baiti hizo na kuipa kila faili namba yake ya utambulisho; hati ya Word ya kati ya 97 na 2003, kwa mfano, hutambulishwa kwa fmt/40. Tulipoipitisha diski nzima katika DROID, baadhi ya faili zenye lebo ya .doc zilionekana kuwa RTF, nyingine zilikuwa za WordPerfect, programu ya zamani ya kuandikia, na zile zenye lebo ya .wps zilihitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu lebo hiyo imetumiwa na Microsoft Works na pia na programu nyingine ya ofisi isiyohusiana nayo kabisa. Mtu angezigeuza zote kwa mkupuo kwa kuamini lebo, baadhi zingetoka kurasa tupu au kurasa za alama zisizosomeka, na kosa hilo lingegunduliwa miaka mingi baadaye.

Orodha ilipokuwa tayari, tulihitaji vigezo. Maktaba ya Bunge la Marekani hupima uwezo wa fomati kudumu kwa mambo saba: kama maelezo yake ya kiufundi yamechapishwa, imeenea kiasi gani, kama inaweza kuchunguzwa kwa zana sahili, kama inabeba maelezo yake yenyewe, inategemea vitu gani vya nje, inabanwa na hataza (haki za kipekee za wavumbuzi) kiasi gani, na kama ina vizuizi vya kiufundi kama vile nenosiri. Taasisi kubwa hulazimika kuyapima yote saba. Kwa nyaraka za mtu binafsi, naamini mawili yanazidi mengine kwa uzito, nayo ni kuenea na kutotegemea vitu vya nje. Fomati iliyoenea itapata wa kuifungua hata kampuni iliyoibuni ikifungwa, maana watu wengi watakuwa na haja hiyo hiyo. Faili inayotegemea fonti iliyoko kwenye kompyuta fulani, au lahajedwali lingine lililoko kwenye folda fulani, hupoteza sehemu yake siku inapotengana na kitu hicho, na jambo hilo hutokea mapema kuliko fomati kuzeeka.

Barua zilikuwa nyingi kuliko aina nyingine yoyote ya waraka, na zilionekana kuwa rahisi. Barua ikishatumwa haihaririwi tena; kinachotakiwa ni maneno yake, mpangilio wake na tarehe yake. PDF/A ilizifaa kabisa. Tulijaribu kugeuza chache kwanza, na moja kati ya hizo ilitufungua macho. Ilikuwa barua ya mwaka 2006 ambayo mzee alimwandikia mkopeshaji akiomba uthibitisho wa maandishi kwamba deni lote limelipwa. Ilipogeuzwa kuwa PDF, juu kulia ilisomeka tarehe ya siku ile ile tuliyoigeuza. Mzee alikuwa akitumia kiolezo ambacho mahali pa tarehe pana amri badala ya maandishi: amri hiyo huiambia programu iandike tarehe ya leo kila faili inapofunguliwa au kuchapishwa. Alipoichapisha na kuituma, tarehe ilikuwa sahihi. Ndani ya kompyuta, barua ile iliendelea kujiandikia tarehe mpya kila ilipofunguliwa.

Tufikirie matokeo yake endapo folda nzima ingegeuzwa kwa mkupuo. Barua za zaidi ya muongo mmoja zingebeba tarehe moja, na kwa kuwa PDF huonekana kama karatasi iliyokamilika, hakuna msomaji ambaye angekuwa na sababu ya kuishuku. Barua ya kuthibitisha kumalizika kwa deni ingekuwa na tarehe ya miaka mingi baada ya deni kumalizika, na kama ndugu wangekuja kubishana juu ya nani alilipa lini, waraka huo ungewadhuru badala ya kuwasaidia.

Dawa ilipatikana ndani ya faili zenyewe. Programu ya Word inapohifadhi hati huandika amri pamoja na matokeo yake ya mwisho, yaani tarehe iliyoonekana faili ilipohifadhiwa mara ya mwisho. Katika DOCX unaweza kufungua kifurushi cha ZIP na kuisoma tarehe hiyo katika faili iitwayo document.xml, na katika fomati ya zamani ya .doc kuna programu zinazotoa maandishi matupu bila kutekeleza amri zilizomo. Tulitoa maandishi ya barua zote kwa njia hiyo, tukalinganisha tarehe iliyopatikana na yale yanayosemwa ndani ya barua, na pia na tarehe ya kuhifadhiwa ambayo Word huiweka miongoni mwa sifa za hati. Zilipokubaliana, tuliiandika tarehe kama maandishi ya kawaida katika nakala ya kufanyia kazi, kisha nakala hiyo ikageuzwa kuwa PDF/A. Palipokuwa na shaka, kwa mfano pale mzee alipoifungua barua miaka kadhaa baadaye na kuihifadhi upya bila kukusudia, hatukukisia: tarehe iliachwa kama ilivyokutwa, na maelezo yakaandikwa kando yake.

Hapa panafaa kueleza PDF/A inatoa nini na haitoi nini, kwa kuwa watu wengi huichukulia kama muhuri wa ubora. Kiwango hiki hudai kwamba fonti zote zinazotumika ziwe ndani ya faili, rangi zifafanuliwe bila kutegemea kifaa, na maelezo ya faili yawekwe kwa utaratibu maalumu. Hukataza nenosiri, usimbaji fiche na msimbo unaojiendesha, na katika matoleo yake ya mwanzo hukataza pia sauti na video. Toleo la kwanza, la 2005, limejengwa juu ya PDF 1.4, la pili, la 2011, linaruhusu mbinu mpya zaidi za kubana picha, la tatu, la 2012, linaruhusu kubeba ndani yake faili ya aina yoyote, na la nne ni la 2020. Katika toleo la pili na la tatu, herufi ndogo inayofuata namba huonyesha daraja: b huhakikisha ukurasa utaonekana kama ulivyokusudiwa, u huongeza kwamba maandishi yanaweza kutafutwa na kunakiliwa kwa usahihi, na a huongeza muundo wa ndani, kama vile vichwa na mpangilio wa kusoma, unaowasaidia pia wasioona. Tulichagua toleo la pili. Kwa kuwa programu za ofisi mara nyingi hutoa 2b bila kufika 2u, tulinakili maandishi kutoka katika kila PDF na kuyabandika penye faili tupu ili kuona kama herufi zimetoka salama.

Kila PDF ilikaguliwa kwa veraPDF, programu huria iliyoundwa mahususi kwa kazi hiyo, na zilizoshindwa zilishindwa zaidi kwa sababu ya fonti ambayo leseni yake haikuruhusu iwekwe ndani ya faili. Hilo lilitatuliwa kwa kuteua fonti nyingine inayofanana nayo, na mabadiliko hayo yakaandikwa. Jambo la kuzingatia ni kwamba ile barua yenye tarehe ya uongo nayo ilipita ukaguzi wa veraPDF bila dosari hata moja. Kiwango hulinda chombo. Hakina uwezo wa kujua kama kilichotiwa ndani yake ni kweli.

Lahajedwali la mkopo lilikuwa waraka mgumu kuliko yote, na kwa maoni yangu lilikuwa na thamani kuliko nyingine zote, kwa kuwa ndilo lililoonyesha kila ndugu alichanga kiasi gani, lini, na nani alimfidia nani. Lilikuwa na kurasa kadhaa zinazorejeleana, moja kati yake ikiwa imefichwa, maelezo mafupi yaliyobandikwa kwenye seli, na fomula zilizopiga hesabu ya faida kwa siku. Lingegeuzwa kuwa PDF kama lilivyo, familia ingebaki na matokeo pasipo njia ya kuyafikia: ingeonekana kwamba kaka wa tatu alidaiwa kiasi fulani, lakini isingejulikana kiasi hicho kilipatikanaje. Katika barua, maneno ndiyo yanayopaswa kubaki, ilhali katika lahajedwali hili hoja ya mzee ilikuwa ndani ya fomula.

Ugonjwa wa tarehe ulikuwemo humu pia. Fomula ya faida ilitumia tarehe ya leo, kwa hiyo kila faili ilipofunguliwa faida ilizidi kukua juu ya deni lililokwisha zamani. Tuliyasoma matokeo yaliyohifadhiwa ndani ya faili kabla ya kuifungua katika programu yoyote inayopiga hesabu upya, na hayo ndiyo yaliyowekwa katika nakala ya kusomwa, huku fomula zikiachwa kama zilivyo katika nakala ya kuhesabu.

Hatari ya pili ilikuwa katika safuwima moja nyembamba yenye kichwa kisemacho “Hali”. Katika kompyuta ya mzee, kila mstari wa safuwima hiyo ulikuwa na alama ya vema (✓) au alama ya mkato (✗), kuonyesha nani amelipa na nani hajalipa. Alama hizo alizipata kutoka fonti ya Wingdings, ambayo si seti ya alama zenye namba zake zenyewe. Ni fonti inayochukua namba za herufi za kawaida na kuzichorea umbo jingine. Vema yake hukaa penye herufi ü na mkato wake hukaa penye herufi û. Tulipotoa lahajedwali hilo katika fomati ya CSV, ambayo haibebi fonti, safuwima ile ilijaa ü na û, tofauti kati ya aliyelipa na asiyelipa ikiwa ni vitone viwili dhidi ya kofia ndogo juu ya herufi moja. Msomaji wa miaka arobaini ijayo angedhani faili imeharibika, na huenda angeifuta safuwima nzima kama takataka.

Katika nakala za kuhifadhi tuliandika maneno “amelipa” na “hajalipa”. Tungeweza kutumia alama ya vema yenye namba yake katika Unicode, orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi na alama namba yake, na kiufundi ingekuwa sahihi, lakini neno halihitaji ufafanuzi wala fonti. Kazi hiyo ilifanywa mzee akiwa amekaa kando ya binti yake, na ilikuwa vyema kwamba alikuwepo, kwa sababu katika mistari michache alama ya mkato ilimaanisha “amesamehewa”, jambo ambalo halikuandikwa popote. “Huyu shangazi yako simdai, nilimwachia,” alimwambia binti yake, na maelezo hayo yakaingizwa katika faili siku hiyo hiyo. Mgeuzo wa fomati usingeweza kuliokoa hilo kwa namna yoyote ile.

Kwa lahajedwali hilo tulihifadhi nakala nne, na sioni kwamba ni nyingi kupita kiasi. Ya kwanza ni faili asilia ya XLS, isiyoguswa. Ya pili ni ODS, fomati ya lahajedwali katika familia ya OpenDocument iliyokubaliwa kuwa kiwango cha ISO/IEC 26300 mwaka 2006, kwa ajili ya kudumisha fomula. XLSX nayo ina kiwango chake, ISO/IEC 29500 cha mwaka 2008, na imeenea zaidi. Mtu akiichagua hatakuwa amekosea. Tulipendelea ODS kwa kuwa ndani yake kuna XML ambayo mtu mwenye subira anaweza kuisoma kwa macho na kuifuata, na kwa kuwa programu huria inayoitumia kama fomati yake ya kwanza, LibreOffice, ndiyo pia iliyofungua faili za Microsoft Works ambazo programu nyingine zilizikataa. Ya tatu ni CSV, moja kwa kila ukurasa, katika usimbaji wa UTF-8, yaani njia ya kawaida ya kuandika herufi za Unicode kama baiti. Ya nne ni PDF/A inayoonyesha sura ya lahajedwali pamoja na orodha ya fomula muhimu iliyochapwa kama maandishi.

CSV ina sifa ya kuwa rahisi kuliko zote, na urahisi huo una bei yake. Ni maandishi matupu: haina fomula, haisemi safuwima ipi ni namba na ipi ni maandishi, na inapofunguliwa tena katika programu ya lahajedwali, programu hukisia. Namba ya akaunti inayoanza na sifuri hupoteza sifuri yake. Namba ya tarakimu 16 hubadilishwa tarakimu yake ya mwisho kuwa sifuri katika Excel, kwa kuwa Excel huhifadhi tarakimu 15 tu zenye maana. Tarehe nazo ni tatizo, maana lahajedwali huziweka kama hesabu ya siku tangu mwanzo fulani, na Excel ina mianzo miwili, wa 1900 na wa 1904, inayotofautiana kwa siku 1,462. Kwa hiyo tarehe zote katika CSV ziliandikwa kwa mtindo wa ISO 8601, mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku. Katika faili ya maelezo iliandikwa wazi kwamba CSV zisomwe kwanza kwa kihariri cha maandishi, wala zisihifadhiwe upya kutoka kwenye lahajedwali.

Kuna waliopendekeza tutumie toleo la tatu la PDF/A na kulifungia lahajedwali ndani ya PDF yake, ili viwe kitu kimoja. Wazo hilo lina mvuto, na katika ankara za kibiashara hutumika vizuri. Kwa familia, nadhani lina madhara kuliko faida: msomaji wa kawaida huona kurasa tu na hajui kwamba kuna faili nyingine imefichwa ndani yake, na ukaguzi wa PDF/A hausemi lolote juu ya uzima wa faili hiyo iliyobebwa. Kuziweka bega kwa bega, zikiwa na jina moja na lebo tofauti, kunatosha.

Hatari ya tatu ilikuwa katika vyeti na hati zilizoskaniwa. Mwaka 2013 mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, aliuonyesha ulimwengu kwamba mashine kadhaa za Xerox za aina ya WorkCentre zilikuwa zikibadilisha tarakimu wakati wa kuskani. Katika mchoro wa jengo alioufanyia majaribio, vyumba vitatu vyenye eneo la mita za mraba 14.13, 21.11 na 17.42 vilitoka vyote vikiwa 14.13. Chanzo kilikuwa mbinu ya kubana picha iitwayo JBIG2, ambayo katika namna yake ya kupoteza taarifa hutafuta vipande vya picha vinavyofanana na kuvibadilisha kwa kipande kimoja. Tarakimu ndogo mbili zikikaribiana kwa umbo, moja huchukua nafasi ya nyingine, na inatoka safi kabisa, bila ukungu wa kumtahadharisha msomaji. Xerox ilitoa marekebisho ya programu, lakini faili zilizokwisha kuskaniwa kabla ya hapo zilibaki kama zilivyo. JBIG2 inaruhusiwa katika PDF/A, kwa hiyo cheti cha namna hiyo kingepita ukaguzi wa veraPDF kama barua yetu ilivyopita.

Tulichunguza kila PDF iliyotokana na skana ili kujua picha zake zimebanwa kwa mbinu gani. Zilizokuwa na JBIG2 ziliwekwa kando, na kwa kuwa karatasi zake bado zilikuwepo, ziliskaniwa upya. Zilizobaki zilihifadhiwa bila kubanwa upya. Kwa skani mpya tulitumia alama 300 kwa inchi, rangi kamili, na kuhifadhi kama TIFF, fomati ya picha, iliyobanwa bila kupoteza kitu. Ukurasa wa A4 kwa kipimo hicho una pikseli 2,480 kwa 3,508, sawa na baiti milioni 26 hivi kabla ya kubanwa, na kwa vyeti vichache gharama hiyo ya nafasi ni ndogo. Kutoka kwenye TIFF ilitengenezwa PDF/A ya kusomea, yenye maandishi yaliyotambuliwa na programu yakiwa yamefichwa nyuma ya picha ili yaweze kutafutwa. Maandishi hayo yana makosa ya hapa na pale. Ni msaada wa kutafutia tu, na picha ndiyo waraka wenyewe.

Vitu vilivyobaki havikuhitaji mjadala mrefu. Picha za JPEG ziliachwa kama zilivyo, kwa kuwa fomati hiyo imekuwepo tangu 1992, inafunguka karibu popote, na kuigeuza kuwa TIFF hakurudishi ubora uliokwisha kupotea. Kunaongeza ukubwa tu. Picha za HEIC, ambazo simu za Apple zilianza kuzipiga mwaka 2017, ziliwekewa nakala za JPEG za ubora wa juu, kwa sababu mbinu inayozibana ina hataza nyingi na baadhi ya programu bado hazizifungui. Rekodi za sauti ya mama yake mzee zilikuwa AMR, fomati ya simu za zamani inayochukua sampuli 8,000 tu kwa sekunde. Nakala yake ya WAV haifiki hata megabaiti 60 kwa saa moja, kwa hiyo tulitengeneza WAV na kuziacha AMR pembeni yake. Barua pepe zilitolewa katika fomati ya MBOX, ambayo ni maandishi, na viambatisho muhimu vikatolewa na kuhifadhiwa pamoja na nyaraka za aina yake.

Nenosiri ndilo lililohitaji haraka kuliko jambo jingine lolote, ingawa halihusu fomati moja kwa moja. Mzee alikuwa amefunga baadhi ya malahajedwali na PDF, na nenosiri zake alikuwa nazo kichwani. Zilifunguliwa mapema, na nakala zisizofungwa zikawekwa katika mkusanyo. Usiri unaohitajika unawekwa kwenye diski nzima, na ufunguo wake umekabidhiwa kwa watu wawili wa familia. PDF mbili zilizotiwa sahihi ya kidijitali hazikugeuzwa kabisa, kwa sababu badiliko lolote la baiti huivunja sahihi; ziliambatanishwa na picha ya ukurasa wa uthibitisho kama ulivyoonekana siku ya ukaguzi.

Mpangilio wa mwisho una folda mbili kuu, moja ya faili asilia zilizozuiwa kuandikwa na nyingine ya nakala za kuhifadhi, na majina yanalingana ili kila nakala ijulikane imetoka wapi. Kila faili imepigiwa hesabu ya SHA-256 na matokeo yake kuandikwa katika orodha, ili atakayeikagua baadaye ajue kama kuna baiti iliyobadilika tangu siku hiyo. Mkusanyo wote una nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja iko nje ya nyumba. Juu ya folda zote kuna faili ya maandishi matupu iitwayo SOMA-KWANZA.txt, inayoeleza mzee alikuwa nani, alama zake zilimaanisha nini, ni tarehe zipi zina shaka, na kila uamuzi uliofanywa kuhusu fomati pamoja na sababu zake.

Zilibaki faili chache ambazo DROID haikuzitambua na hakuna programu iliyozifungua. Familia iliuliza kama zifutwe, nami nikashauri zibaki. Zimewekwa katika folda yao, baiti zikiwa kamili na hesabu zake zimeandikwa, na kando ya kila jina kuna maelezo ya kompyuta ilikotoka, mwaka iliohifadhiwa mara ya mwisho, na programu zilizojaribiwa, ili mtu atakayekuja na zana bora asianze upya.